Saba Mashariki, Tano Magharibi: Kupanga Paneli za Sola kwenye Paa Moja la Bamburi

Nyumba iko Bamburi, Mombasa, kama kilomita moja kutoka baharini. Haina ghorofa. Imeezekwa bati, na mgongo wa paa unakwenda kaskazini hadi kusini kwa urefu wa mita 12, kwa hiyo bati linatazama pande mbili tu, mashariki na magharibi. Kila upande una mita 5.2 kutoka mgongoni hadi ukingo wa chini, na mwinamo wake ni nyuzi 18. Ukingo wa chini uko mita 3.2 juu ya ardhi.

Majirani wa paa hili ni watatu, na ndio watakaoamua mambo. Magharibi, mita 8 kutoka ukingo wa bati, kuna fleti yenye kimo cha mita 12. Upande wa kusini-mashariki kuna mnazi: mita 4 nje ya ukingo wa mashariki, mita 3 kusini ya mwisho wa paa, na kichwa chake kiko kama mita 10 juu. Kusini, pakiwa pameungana na nyumba, kuna banda la gari lenye paa bapa la zege, mita 7 kwa 6. Kwenye ukingo wake wa mashariki yamekaa matangi mawili ya lita 5,000 juu ya msingi wa mita moja, hivyo yanasimama kama mita 3 juu ya zege.

Familia inatumia yuniti 22 kwa siku. Kumi na mbili ni za mchana, kwa sababu kuna friza mbili za biashara ya barafu na samaki, jokofu, pampu ya maji na feni. Kumi ni za usiku, na nyingi zinaliwa na kiyoyozi cha chumba kimoja. Vifaa vimeshachaguliwa: paneli 12 za wati 550, invata ya kilowati 6 yenye maingizo mawili ya MPPT (kila moja hujitafutia kiwango bora cha kufanyia kazi kwa paneli zake) na kikomo cha volti 500 upande wa paneli, na betri ya volti 51.2 yenye uwezo wa yuniti 10 hivi. Swali lililobaki ni paneli zikae wapi.

Mwenye nyumba ameletewa michoro miwili. Wa kwanza unaziweka zote 12 juu ya banda, kwenye fremu ya chuma iliyoinama nyuzi 25 kuelekea kaskazini, kwa hoja kwamba Mombasa iko kusini ya ikweta. Wa pili unalaza sita upande huu wa bati na sita upande ule, kisha unaziunga zote kwa mfululizo mmoja, kwa hoja kwamba jua ni jua. Michoro yote miwili ina makosa, na la kwanza ndilo linalosikika sana mjini.

Kaskazini ya nani?

Ushauri wa "tazamisha kaskazini, inua nyuzi 25 au 30" ni sahihi Cape Town, iliyo karibu nyuzi 34 kusini. Mombasa iko nyuzi 4. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, nyuzi 27 na nusu kutoka utosini. Disemba linapita upande wa kusini, nyuzi 19 na kidogo kutoka utosini. Jua halina upande wa kudumu hapa: linavuka utosi kwenda na kurudi, na karibu kila siku njia yake kuu ni ya kutoka matlai kwenda magharibi.

Tuichukue hiyo fremu ya nyuzi 25 tuipime. Juni inapata faida. Disemba adhuhuri jua linaipiga kwa pembe ya nyuzi 44, na mwanga wa moja kwa moja unaoipata unapungua kwa karibu robo ukilinganisha na paneli iliyolazwa bapa. Disemba ndiyo majira ya kaskazi, joto limepanda na feni haizimwi. Kwa mwaka mzima fremu hiyo inapoteza kama asilimia 5 dhidi ya paneli bapa. Ikiinamishwa nyuzi 10 kaskazini badala ya 25, tofauti na bapa inakuwa karibu sufuri. Nyuzi 10 kusini inapoteza kama asilimia 2. Bati la nyuzi 18 linalotazama mashariki au magharibi linapoteza kama asilimia 3 na nusu.

Yaani mwenye nyumba angelipia fremu, kulehemu na rangi ya kuzuia kutu ili apate umeme mchache kuliko ule ambao bati lake lingempa bure.

Kwa namba kamili: Mombasa hupata wastani wa kama saa 5.4 za jua kamili (la wati 1,000 kwa mita ya mraba) kwa siku. Tukikata kwa ajili ya joto, vumbi, waya na invata, tukabaki na asilimia 78, kilowati 6.6 za paneli bapa zisizo na kivuli zinatoa kama yuniti 10,100 kwa mwaka. Asilimia 3 na nusu ya hapo ni yuniti 350 hivi. Kivuli kibaya hula zaidi ya hizo bila kelele, na ndiyo maana sehemu kubwa ya uchambuzi huu ni ya vivuli.

Neno dogo kuhusu kutafuta kaskazini yenyewe. Dira ya simu ukiiweka juu ya mabati hudanganya, kwa sababu chuma huvuta sumaku yake. Mombasa ina njia rahisi zaidi: Makka iko karibu kabisa kwenye longitudo ileile, hivyo kibla ya hapa ni kaskazini, tofauti yake ni chini ya nusu ya nyuzi. Msikiti wa mtaani uliopimwa vizuri unakuonyesha kaskazini bila kifaa chochote.

Banda la zege na matangi yake

Paa bapa linavutia kwa sababu fundi anatembea juu yake bila woga na paneli zinaoshwa kwa mpira wa maji. Lakini paneli moja ni mita 2.28 kwa 1.13. Sita zikisimama bega kwa bega zinakula mita 6.9, na banda lina mita 7. Hakuna njia ya kupita, na kingo za paa ndizo upepo unakozivuta paneli kwa nguvu kuliko popote.

Halafu kuna matangi. Kimo cha mita 3 kinatupa kivuli gani? Kwa saa za jua (tutaeleza tofauti yake na saa ya ukutani baadaye kidogo), saa mbili asubuhi mwezi wa Juni jua liko nyuzi 25 na nusu tu juu ya upeo. Kivuli kina urefu wa mita 6.3, na kati ya hizo mita 5.5 zinaelekea magharibi. Matangi yakiwa ukingo wa mashariki, kivuli hicho kinalala juu ya banda karibu lote. Adhuhuri ya siku hiyohiyo kivuli kimebaki mita 1.6 tu, kuelekea kusini.

Hapo ndipo ilipo kanuni ambayo mjenzi wa Mombasa angeijua kabla ya kumwaga zege: tangi lisikae mashariki wala magharibi ya paneli. Likae kusini yake au, ikishindikana, kaskazini. Likiwa kusini ya paneli, kivuli kibaya zaidi cha saa mbili asubuhi mwezi wa Disemba kinasogea kaskazini mita 2.25 tu. Likiwa kaskazini, kivuli cha Juni saa hiyohiyo kinasogea kusini mita 3. Kutoka hapo kinanywea hadi adhuhuri.

Je, matangi yahamishwe? Yakijaa, kila moja lina tani 5 za maji. Msingi wake umekaa juu ya boriti iliyowekwa kwa ajili yake, na kuyasogeza katikati ya zege au upande mwingine bila kujua nondo zimepita wapi ni kucheza na roho za watu. Kuziinua paneli juu ya matangi, kwa fremu ya mita 3 na zaidi, kunaziweka panapovuma kusi, upepo wa kusini, bila kizuizi. Kwa upepo wa mita 30 kwa sekunde, shinikizo ni kama paskali 550. Kwa paneli moja ya mita za mraba 2.58 hiyo ni nguvu ya kilo 145 hivi, na paneli yenyewe ina kilo 28. Kuzishikilia 12 kwa uzito wa matofali peke yake kunataka karibu tani moja na nusu juu ya zege. Kutoboa zege ili kufunga bolti kunaalika maji, na zege la pwani likishaingiwa na maji ya chumvi, nondo hufura na kupasua.

Banda tumeliacha.

Mashariki yote

Tunarudi kwenye bati. Safu mbili za paneli sita zilizosimama wima zinachukua mita 6.9 za mgongo na mita 4.6 za mteremko. Zinaingia upande wa mashariki, zikisogezwa kaskazini, na mnazi hauzigusi. Kwa karatasi huu ndio mpango unaotoa yuniti nyingi kuliko mipango mingine ya bati: kama 9,700 kwa mwaka. Fleti ya magharibi inaufikia upande huu jioni sana, wakati paneli za mashariki zimeshapoa kazi.

Lakini umeme unahesabiwa kwa saa pia. Siku za Machi na Septemba, saa tatu asubuhi kwa saa za jua, bati la mashariki linapata asilimia 89 ya nguvu ya mwale wa jua na la magharibi linapata 45. Saa tisa alasiri ni kinyume chake. Adhuhuri pande zote mbili ziko sawa, asilimia 95.

Saa za jua si saa ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki inahesabiwa kwa longitudo 45 na Mombasa iko 39.7, hivyo jua hufika kileleni wastani wa dakika 21 baada ya saa sita. Wanaosali wanalijua hili: adhuhuri ya Mombasa huingia saa sita na dakika chache mwanzoni mwa Novemba, na huchelewa hadi saa sita na nusu kupita mwezi wa Februari. Kwa hiyo "saa tisa alasiri ya jua" ni saa tisa na dakika 20 hivi ukitazama simu.

Sasa tuifuate siku ya nyumba hii na paneli zote mashariki. Saa tatu hadi saa tano paneli zinatoa zaidi ya kilowati 4 na nusu siku ya jua zuri, friza na jokofu vinachukua chini ya kilowati moja, na betri ya yuniti 10 inajaa kabla ya saa sita. Baada ya hapo paneli zinaanza kubanwa na invata kwa sababu hakuna pa kupeleka umeme. Kuanzia saa nane uzalishaji unashuka haraka, huku friza zikifanya kazi ngumu zaidi kwa joto la mchana na pampu ikiwashwa. Betri inaanza kuliwa kabla jua halijatua.

Siku nzuri hilo halina madhara makubwa. Tatizo ni masika. Mvua za pwani mwezi wa Aprili na Mei hupenda kunyesha alfajiri na asubuhi, kisha mawingu yanafunguka mchana. Nyumba iliyoweka mayai yote mashariki inakosa saa zake bora siku kadhaa mfululizo, na usiku inarudi kununua tokeni.

Magharibi na fleti ya jirani

Upande wa magharibi ungekuwa dawa kamili kama si fleti. Ikiwa na mita 12 kwa umbali wa mita 8, siku za Machi na Septemba kivuli chake kinagusa safu ya chini ya bati saa tisa na robo kwa saa ya ukutani. Kinapanda mteremko taratibu kama maji ya bamvua, na kinafika ukingo wa chini wa safu ya juu saa kumi kasoro dakika nane. Dakika 37 za alasiri zinapatikana kwa kupandisha paneli safu moja tu. Safu ya juu inapoteza kama asilimia 10 ya mwaka kwa fleti hiyo, safu ya chini kama 15.

Kwa hiyo magharibi ni safu ya juu pekee, iliyosogezwa hadi sentimita 30 chini ya mgongo wa paa. Karibu zaidi ya hapo haifai: kofia ya mgongo inahitaji kufikiwa ikivuja, na upepo unaopanda mteremko mmoja huvuta kwa nguvu unapovuka mgongo.

Paneli zisimame wima au zilale? Hapa fundi wengi huamua kwa macho. Paneli za kisasa za seli nusu zimegawanywa nusu mbili, juu na chini, zinazofanya kazi sambamba. Kivuli kinachopanda kutoka chini kikifunika safu ya kwanza ya seli za paneli iliyosimama, nusu ya chini inazima na nusu ya juu inaendelea. Ikiwa imelazwa, kivuli hichohicho kinazima theluthi moja, kwa sababu dayodi, vali ndogo za umeme ndani ya paneli, zinaukata mkondo wa seli za ukingo huo tu. Kwa kivuli cha fleti, kulaza ni bora kidogo, na ukingo wa chini unapanda hadi kivuli kichelewe robo saa nyingine. Shida ni urefu: paneli tano zilizolala zinachukua mita 11.5 za mgongo wa mita 12. Zinabaki sentimita 26 kila mwisho, na mwisho wa paa ndipo kusi inapong'oa. Robo saa ya jua haistahili hatari hiyo. Zisimame.

Mnazi unaojificha

Anayekwenda kupima nyumba hii Julai atauona mnazi, atautazama kivuli chake asubuhi, na ataandika kwamba haugusi paa. Atakuwa amesema kweli ya Julai. Jua la majira hayo huchomoza kaskazini ya mashariki na kukitupa kivuli kusini-magharibi, nje ya nyumba. Machi kinapita pembeni tu. Disemba jua linachomoza nyuzi 23 kusini ya mashariki, na kivuli cha kichwa cha mnazi kinapita juu ya mita tatu na nusu za kusini za bati la mashariki kati ya saa mbili na saa nne kasorobo asubuhi.

Kivuli cha makuti si kizito kama cha ukuta. Kina matundu na kinacheza na upepo, na hapo ndipo ubaya wake. Invata inatafuta kiwango bora cha kufanyia kazi, makuti yanasogea, inaanza kutafuta upya. Stringi nzima, yaani paneli zote zilizoungwa kwa mfululizo mmoja, inayumba kwa ajili ya paneli moja. Ongeza kwamba nazi hudondoka, na kioo cha milimita 3.2 hakikutengenezwa kwa ajili ya nazi.

Kuukata? Mwenye nyumba hataki, ana madafu yake. Si lazima. Safu ya juu ya mashariki ikianza sentimita 40 kutoka mwisho wa kaskazini, paneli saba zinachukua mita 8.06 na kuacha mita 3.54 za kusini tupu. Kivuli cha Disemba kinaishia hapohapo.

Mpango uliochaguliwa

Saba mashariki, tano magharibi, zote safu ya juu, zote wima. Kwa mwaka ni kama yuniti 9,350, yaani pungufu kwa mia tatu na hamsini hivi ukilinganisha na mashariki yote. Saa tisa alasiri ya jua, hata hivyo, mpango huu unatoa asilimia 40 zaidi, na asubuhi ya mvua haiui siku nzima. Kwa nyumba isiyouza umeme kwa mtu, yuniti inayozalishwa saa tano wakati betri imejaa ni hewa.

Uungaji ndio unaobeba au kuharibu mpango. Paneli moja hapa ina volti 49.9 ikiwa wazi, bila mzigo, na karibu 42 ikifanya kazi. Mchoro wa pili ulioletwa, 12 kwa mfululizo mmoja, ungefikisha volti 599, na asubuhi ya nyuzi 20 za joto 607. Invata ina kikomo cha 500. Ingekufa siku ya kuwashwa. Hata kama ingevumilia, kuchanganya mashariki na magharibi kwenye mfululizo mmoja ni kosa la pili: mkondo wa stringi hufuata paneli dhaifu, kwa hiyo asubuhi zile za magharibi zingezibana zile za mashariki hadi nusu, na alasiri zingelipiziwa kisasi.

Stringi ya mashariki, paneli saba, iende ingizo la kwanza la MPPT: volti 354 asubuhi ya baridi, na kama 250 mchana seli zikifika nyuzi 65. Stringi ya magharibi, paneli tano, iende ingizo la pili: 253 na kama 180. Kila ingizo linataka angalau 120 ili lifanye kazi, hivyo zote ziko salama. Kwa kebo ya milimita za mraba 4 yenye umbali wa mita 18 kila njia, volti zinazopotea ni 2.4, sawa na asilimia 0.8 mashariki na 1.1 magharibi. Kebo nene zaidi si lazima.

Vifaa vya kufungia vinahesabika hivi. Kila safu ina mistari miwili ya reli. Mashariki mita 8.16 kwa mstari, magharibi 5.85. Reli za mita 4.2 zinatosha saba kamili: nne mashariki, mbili magharibi, na ya saba inakatwa vipande viwili vya mita 1.65 kujaziliza. Viunganishi vinne. Miguu kila mita 1.2 kwa zaidi: nane kwa mstari mashariki, sita magharibi, jumla 28. Klempu za kati 20, za mwisho 8. Kwa upepo ule wa mita 30 kwa sekunde, kila mguu wa mashariki unavutwa kwa kilo 63 hivi, kiasi ambacho skrubu iliyoshika mbao inavumilia na iliyoshika bati peke yake haivumilii.

Hapo kuna mtego. Mtengenezaji wa paneli anataka reli mbili ziachane kati ya mita 1.15 na 1.35, ili klempu zishike kwenye robo ya urefu. Mbao za kupigilia bati mara nyingi ziko kila sentimita 90. Fundi mvivu hufanya moja kati ya mawili: huziweka reli sentimita 90, paneli ikabaki na mabawa marefu yanayopigwa na upepo hadi seli zikapasuka ndani bila kioo kuonyesha, au huzifunga reli kwenye bati tupu. Dawa ni kuingia darini na kuongeza ubao wa inchi 3 kwa 2 chini ya mstari wa reli, uliofungwa kwenye kenchi, kabla ya kutoboa chochote.

Tundu litobolewe kwenye mgongo wa wimbi la bati, si bondeni maji yanakopita, na mpira wa kuzibia uwe ule unaostahimili jua. Kati ya paneli na bati ibaki sentimita 10 hadi 12. Paneli iliyobanwa sentimita 3 juu ya bati haipumui, na kila nyuzi 10 za joto la ziada zinakata asilimia 3 na nusu ya nguvu.

Chumvi nayo. Kwa umbali huu wa bahari, bolti za chuma cha pua za daraja la 304 hutoa kutu ya rangi ya chai ndani ya muda mfupi, chukua 316. Reli za alumini zisigusane moja kwa moja na bati wala na skrubu za chuma cha kawaida, weka mpira katikati, la sivyo alumini huliwa. Paneli ziwe zimejaribiwa kwa ukungu wa chumvi, kiwango cha IEC 61701. Viunganishi vya kebo viwe vya aina moja pande zote mbili: dume la kampuni moja na jike la nyingine huingiana vizuri mkononi, kisha huungua mwaka wa pili. Kebo zifungwe chini ya reli, zisilale juu ya bati.

Waya wa ardhi ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Chini ya udongo mwembamba wa Bamburi kuna mwamba wa matumbawe. Fimbo ya mita moja na nusu inagonga mwamba, fundi anaikata na kuificha. Chimba fimbo mbili au tatu mahali tofauti, ziunganishwe, pawe karibu na maji ya kuogea au bustani panapobaki unyevu, na upime kwa kifaa badala ya kuamini. Kazi yenyewe ifanywe na mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli ya Kenya, na cheti kibaki kwa mwenye nyumba.

Kuosha: mwinamo wa nyuzi 18 unaachia mvua ifanye sehemu kubwa ya kazi, lakini kunguru wa Mombasa hawasubiri mvua. Kinyesi kimoja kikavu juu ya seli moja ni kivuli kamili. Kuanzia Januari hadi Machi, mvua zikiwa zimekatika, zioshwe kila wiki tatu kwa maji baridi ya bomba kabla ya saa moja asubuhi, kioo kikiwa bado hakijapata moto. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe.

Baada ya kusi ya kwanza, yaani Septemba, pandeni na spana mkakaze klempu zote 28 upya. Disemba, saa mbili na nusu asubuhi, mtu asimame upande wa mashariki atazame kivuli cha mnazi kinaishia wapi. Mnazi hukua.

Nafasi ya mita tatu na nusu upande wa kusini isijazwe hata ikionekana inapotea. Familia ikitaka paneli zaidi, ziende mashariki, safu ya chini, mwisho wa kaskazini, zikaungwe kwenye stringi ile ya paneli saba. Mbili zinaingia: tisa zinafika volti 455. Ya kumi inafikisha 506.